Nyota Tatu za Khalif

Uliyekosa gazeti la wiki jana, sikiliza haraka. Mimi ni Dagane wa Garissa, yule aliyefukuzwa soko la mifugo kwa mdomo wake, akafukuzwa redioni kwa mdomo huo huo, na bado hajaufunga. Mpwa wangu Ruweyda, binti wa dada yangu Amino, ametengeneza gemu ya simu inayoitwa Kisima. Unachunga ngamia, unawafikisha majini, unapigana na wezi.

Kampuni moja ya Nairobi ikamwambia hivi: Jumatatu saa saba mchana tutaangalia alama ulizopewa na wachezaji. Zikiwa nne kwenda juu, tunakuajiri, utatengeneza gemu ukiwa huko huko kwenu. Zikiwa chini ya nne, tusisumbuane.

Nilimtafutia alama mimi. Niliwaambia watu wa kundi letu la WhatsApp, huyu ni mtoto wetu, wekeni nyota tano. Wakaweka. Mashallah juu ya mashallah. Tukafika nne nukta tisa.

Isipokuwa mtu mmoja. Nyota tatu. Jina lake Khalif, na chini ya nyota zake ameandika maelezo marefu kama hukumu ya korti. Wiki jana niliapa nitamtafuta.

Nilimpata.

Haikuwa kazi. Mtu mmoja kundini alimjua: ni kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, anachaji simu za watu katika duka la mtu. Nikapewa namba. Nikapiga.

"Wewe ndiye Khalif wa nyota tatu?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mjomba wa mwenye gemu."

Akafurahi. Wallahi alifurahi, nilisikia akiwaambia wateja wake wasubiri, kisha akaniita adeer, kama ami yake. "Adeer, mwambie naicheza kila siku. Mwambie kasoro ni moja tu. Ngazi ya tatu, pale kisimani, zamu yako ikifika ndoo inashuka polepole mno. Nasubiri, nasubiri, wezi wananimaliza. Akirekebisha hapo naweka tano siku hiyo hiyo."

"Weka tano sasa."

"Sasa bado hajarekebisha."

"Nani amekuuliza habari ya kurekebisha? Nimesema weka tano."

"Adeer, mimi nikisema ni tano, mtu akaingia akakwama kisimani, ataniona mimi mtu gani?"

Hapo nilimwambia neno. Nilimwambia, wewe unakula unga wa msaada, unalala chini ya turubai la Umoja wa Mataifa, halafu unakaa unampima mtoto wa Garissa?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Turubai lilichakaa zamani, adeer. Siku hizi ni mabati."

Nikakata simu.

Msinihukumu bado. Mimi nimepimwa maisha yangu yote na sisahau hata mpimaji mmoja. Nilikuwa mdogo walipotupanga foleni tupewe kadi ya waridi, ili tuthibitishe kwamba sisi ni Wakenya. Karani alimtazama baba yangu juu mpaka chini, kisha akauliza, huyu naye anatoka wapi? Kiswahili hiki mnachosoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama, kwa sababu mwalimu aliniambia sina kichwa. Jina lake ninalo. La karani pia.

Kwa hiyo kwangu mimi nyota si nyota. Ni siasa. Mwaka uliopita Wanairobi fulani walitoa gemu iliyochora mji kama wetu, kila kona mtu na bunduki. Nilisema kundini, nyota moja kila mtu. Gemu ikazama kwa wiki. Kuna aliyetuuliza kama tuliicheza? Hakuna. Tulishinda, na nililala usingizi mtamu.

Basi nilirekodi sauti, nikaitupa kundini. Jina la Khalif, duka lenyewe, namba ya mwenye duka. Nikamalizia hivi: "Huyu anakula kwetu na anatutemea sahanini. Mpigieni tajiri wake, muulizeni kama ameajiri fundi au adui."

Walipiga. Kufikia alasiri mwenye duka alikuwa hawezi hata kumpigia mkewe. Khalif akaambiwa achukue viatu vyake aende.

Nyota tatu zikabaki pale pale.

Ruweyda alinijia nikinywa chai. Hakumsalimu mjomba wake.

"Abti, umemfanya nini yule kijana?"

"Nimemwondoa adui njiani mwako."

"Huyo adui ndiye mtu pekee aliyecheza gemu yangu."

Nilicheka. "Ruweyda, kundi zima limeicheza. Kila mtu ameandika."

"Wameandika. Warsame mchinjaji ameandika nini? Nikusomee? 'Mashallah gemu nzuri, nyama ya ngamia ipo kila asubuhi, karibuni kwa Warsame.' Ameazima simu ya mkewe kuandika hivyo. Mwingine ameandika pole kwa msiba. Msiba gani, abti?"

"Watu wamekupenda."

"Khalif ameniambia pale panapouma. Nilimjibu avumilie, kisima halisi hakina haraka. Hakunitukana. Alirudi akacheza tena." Akavuta kiti lakini hakukaa. "Na wewe umefika ngazi gani?"

Nilimwambia nina mambo mengi.

"Hujaifungua," alisema.

Nilikuwa sijaifungua.

Siku iliyofuata niliitwa na Mzee Duale. Mzee Duale haiti mtu kwa ajili ya chai, ingawa hukaa kwenye hoteli ya chai nyuma ya soko la mifugo. Niliwakuta wazee wengine wamekaa, na katikati ya meza, juu ya kopo la sukari, simu imewashwa sauti ya nje.

"Huyo ni nani kwenye simu?" niliuliza.

"Uliyemtukana," Mzee Duale alisema. "Hawezi kutoka kambini bila kibali, na kibali hakitolewi kwa sababu Dagane wa Garissa ana mdomo. Kaa."

"Mzee, mkimbizi ana kesi gani na sisi?"

"Mama yake na bibi yake ni wa Tarbaj. Mwaka wa ukame mama aliandikisha watoto kambini wapate kula. Sasa ukubwani akienda kuomba kitambulisho, kompyuta inasema yeye ni mkimbizi. Ni Mkenya kama wewe." Akanitazama. "Si ni hawa hawa unaowapigia kelele kila ukishika kipaza sauti? Wale wa 'rudisheni vitambulisho vya watoto wetu'? Huyu ndiye mtoto mwenyewe. Ulikuwa unamlilia bila kumjua, na ulipompata ukamfukuzisha kazi."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Ninamkumbuka.

"Sasa nieleze," Mzee Duale aliendelea. "Nyota ni nini?"

Nikamweleza. Tano ni kitu kizuri kabisa, moja ni takataka, na mtu wa mbali asiyekijua kitu huangalia nyota kabla ya kukichukua.

"Kwa hiyo anayeweka nyota ni dalali."

"Si dalali, mzee, ni mtumiaji tu..."

"Sokoni pale, dalali akisimama akasema ngamia huyu namjua, mzima, si wa wizi, mnunuzi akatoa pesa kwa neno lake, kisha ngamia akawa mbovu. Nani hulipa?"

"Dalali."

"Hata kama ni ngamia wa shemeji yake?"

"Hata hivyo."

"Basi nyinyi nyote mmesimamia ngamia ambaye hamkumfungua hata kinywa. Na aliyefungua kinywa, mmempiga."

Nilisema niko tayari kutoa haal, ile fidia ya aliyevunjiwa heshima. Nilisema kondoo dume. Nikaona niongeze: mnene.

Simu ikacheka juu ya kopo la sukari.

"Wazee wangu," Khalif alisema, "kondoo nitamlisha nini? Mimi haal yangu nataka hii. Kila aliyeweka nyota tano aicheze gemu mpaka ngazi ya tatu, mbele ya shahidi. Kisha aape kwa Mungu, abadilishe au aache, lakini aseme analolijua."

"Unataka kuiua gemu ya mtoto," nilimwambia.

"Naipenda kuliko wewe, adeer. Gemu ni nzuri. Watu wakiijua watasema ni nzuri, na kampuni itaona watu wa kweli. Hizi tano zenu zinanuka."

Wazee wakatazamana. Nilijua wanapoelekea, nikasimama. "Jumatatu kampuni inaangalia alama. Zikishuka chini ya nne huyu msichana amekwisha. Mzee, ukoo haumpimi mtoto wake hadharani."

"Nakubali."

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Ruweyda alikuwa amesimama na wapishi, mikono ameikunja. Wanawake hawakai baraza ile, na yeye hakukaa.

"Wacheze," alisema. "Mimi gemu yangu naijua."

Alikuwa na uhakika. Ningependa msahau mengine yote ya wiki hii lakini mkumbuke uso ule, kwa sababu haujaonekana tena.

Mzee Duale alikata shauri. Watu wote hadi Jumapili jioni. Mimi, kiongozi wao, wa mwisho, kabla ya saa saba ya Jumatatu.

Sasa oneni watu wetu. Kusifu bila kujua waliweza kwa kidole kimoja. Kucheza wakalia kama wanang'olewa meno. Jamaa wa duka la vitambaa aliniuliza kama anaweza kumlipa mtu amchezee. Mwingine alisema ngamia wa gemu anatembea kama mbuzi mwenye mimba, akaweka mbili, na alipoona hakuna aliyemgombeza akarudi akaweka moja. Walianza kuona raha. Watu walewale wa mashallah sasa walishindana nani ataandika baya zaidi. "Nimepoteza bando." "Wezi wana akili kuliko mwenye gemu." "Arudi shule."

Wengine, lazima niseme, walikula kiapo wakaacha tano. Warsame mchinjaji alisimama mbele ya shahidi akaapa ameshinda ngazi ya tatu, amenywesha ngamia wote, na mmoja alikuwa na mimba. Akapigiwa makofi.

Jumapili jioni ikawa zamu ya Amino, mama mtu. Alikaa mkekani, miwani puani, Ruweyda nyuma yake akimtazama mikono. Sijawahi kuona mwanamke akiomba dua kwa ajili ya ngamia wa kuchora. Alisubiri foleni ya kisima. Zamu yake ikafika. Ndoo ikashuka. Wezi wakaja.

"Naa Ruweyda, wamekufa wote," alisema. "Kwa kiu. Na maji yako hapo nayaona."

"Cheza tena, hooyo."

Akacheza tena. Wakafa tena. Akavua miwani, akapangusa macho, akauliza nyota moja inabonyezwa wapi.

"Amino," nilisema, "umerukwa na akili? Huyu ni binti yako."

"Nimeapa kwa Mungu, Dagane. Wewe unataka nimdanganye Mungu kwa ajili ya ngamia wa simu?" Akambonyezea mtoto wake nyota moja, kisha akaenda kuswali.

Ruweyda alichukua kompyuta yake akaingia chumbani. Nilidhani analia. Nilisikia anabonyeza tu, anabonyeza.

Nilitoka nje nikampigia bwana anayeshughulikia ajira katika ile kampuni ya Nairobi. Nilimweleza yote: wivu, kiapo, mama mzazi. Nikamwomba asome maoni yenyewe, aone ni watu wanaomaliza hasira zao.

"Mzee wangu," aliniambia kwa upole kabisa, "hapa hakuna mtu anasoma maoni. Gemu ni nyingi, sisi ni wachache. Tunaangalia namba. Ikiwa nne, iko ndani. Ikiwa tatu nukta tisa, hata siioni, mashine inaitoa. Kesho nitakupigia saa saba kwa hii namba yako, sawa?"

"Kwa hiyo hata wakidanganya?"

"Wakidanganya vizuri, mzee, mimi nitajuaje?"

Nililala na hilo neno. Sitawaficha, lilinipa nguvu.

Jumatatu. Nilifika kwa Amino jua likiwa juu. Shahidi alikuwa Amino mwenyewe, kwa amri ya Mzee Duale, kwa sababu mtaa mzima sasa ulijua haongopi. Ruweyda alikaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Iko ngapi?" niliuliza.

"Nne kamili. Imebaki nyota zako."

"Nikiacha tano?"

"Inabaki nne."

"Nikishusha?"

"Unajua, abti. Cheza."

Nikaifungua kwa mara ya kwanza.

Nawaambia kitu ambacho sikutarajia. Ni nzuri. Vumbi linapanda vile linavyopanda njia ya Griftu. Ngamia jike anageuka kumtafuta ndama wake kabla hajatembea, kama anavyofanya kweli. Ngazi ya kwanza nilitabasamu. Ya pili nilisahau kwamba natazamwa. Nilikuwa mtu mzima na ndevu nikimwambia ngamia wa kioo, twende mama, twende.

Kisha kisima.

Nilisubiri foleni. Zamu yangu ikafika. Ndoo ikashuka, ikashuka, na maji yanameta pale chini. Wezi wakatokea. Nikafa. Nikarudi. Nikafa. Mara ya tatu nilimtukana mwizi kwa sauti, na Amino akasema astaghfirullah.

Khalif alisema kweli. Hata nyota tatu zilikuwa huruma.

Niliweka kidole. Niliwafikiria karani na mwalimu. Nikamfikiria Ruweyda akiuza maziwa barabarani mpaka azeeke, na watu wa nyota moja wakipita kununua. Nikamkumbuka yule bwana na lile neno lake. Kisha nikafanya kile ninachokijua.

"Wallahi nimefika," nilisema. "Wallahi nimeshinda. Ngamia wamekunywa. Tano zangu zinabaki tano."

Amino alinitazama muda mrefu. Hakuwa ameona kioo kutoka pale alipokaa. Alikubali, kwa sababu mimi ni kaka yake na nimeapa.

Ruweyda hakukubali wala hakukataa. Alivuta stuli akasogea mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Umeshinda, abti?"

"Nimeshinda."

"Ndoo ilifika majini?"

"Ilifika. Ilichelewa kidogo, lakini ilifika."

"Ulisikia sauti gani ilipogusa maji?"

"Sauti ya maji. Kwani maji yana sauti ngapi?"

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona alichokuwa anatafuta.

"Jana nilikaa nyuma ya hooyo akicheza," alisema. "Mimi siku zote najaribu gemu kwenye kompyuta. Huko kamba inafika. Kwenye simu kioo ni kifupi, na kamba inaishia kabla ya maji. Ndoo haichelewi, abti. Haifiki. Haijawahi kufika kwa simu ya mtu yeyote tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu duniani aliyeshinda ngazi ya tatu."

Amino alishika kifua.

"Jana nimeitengeneza. Lakini toleo jipya hukaguliwa siku kadhaa kabla ya kutoka. Leo hii, saa hii, gemu yangu ni mbovu, na nimejua vipi? Kwa mama yangu mwenye nyota moja na kijana uliyemfukuzisha kazi. Nyinyi wengine mliniambia mashallah." Alihesabu kwa vidole. "Na kila aliyeapa ameshinda, sasa namjua. Warsame. Wa vitambaa. Na wewe."

"Ruweyda, sikiliza. Nne ni nne. Ukishaingia kazini utarekebisha, nani atajua?"

"Uliapa mbele ya mama yangu."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ulimwita mtu mla unga wa msaada. Kwa ajili yangu umeapa uongo. Abti, mimi nilikuomba nini katika hayo?"

Simu yangu ikalia mkononi. Saa saba. Ilikuwa namba ya Nairobi.

Sote watatu tuliitazama. Ruweyda alinyoosha mkono, nikampa. Akaweka sauti ya nje.

"Hongera," yule bwana alisema, hata salamu hakuimaliza. "Nne kamili, alama imefika. Mwambie binti mashine imempitisha. Mimi hapa nabonyeza tu kumkubali, lakini huwa napenda kusikia mtu kwanza. Ni yeye huyo?"

"Ni mimi, Ruweyda."

"Umefurahi?"

"Usibonyeze bado," Ruweyda alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Kuna mchezaji mmoja hapa aliyenipa nyota tano. Anataka kukueleza amezitoa vipi. Ukishamsikia, ufanye unalotaka."

Akanirudishia simu, akarudisha mikono yake mapajani. Amino alikuwa amesimama mlangoni, amenitazama, mdomo wake ukitembea bila sauti.

"Haya, niko tayari," yule bwana alisema. "Nani anaongea?"